Mkopo wa dola milioni 600, "mshauri" wa dola milioni 6: nani alisimama akajibu?

#1 Mpiga Hesabu

Wakuu salaam.

Humu ndani mtu akitaja ufisadi wa benki, watu wanakimbilia Escrow (ile kashfa ya fedha za umeme) na viroba vya fedha, wengine EPA (ile akaunti ya madeni ya nje). Kuna hili la mkopo wa 2013 ambalo naona lilisahaulika haraka kuliko yote. Kwangu mimi ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi benki inavyoweza kukamatwa, ikalipa, ikaendelea na biashara, na asionekane mtu hata mmoja aliyesimama akaeleza kisa chote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mwaka 2012 serikali yetu ilikuwa inatafuta fedha za miradi. Ikaamua kukopa dola milioni 600 kwa kuuza hatifungani, yaani karatasi za deni, kwa wawekezaji wa nje, na waliouziwa ni wawekezaji waliochaguliwa, haikupelekwa sokoni kwa kila mtu. Kazi ya kutafuta wakopeshaji ilishikwa na benki ya Stanbic Tanzania hapa Dar na ndugu yake wa London, Standard Bank Plc. Wote watoto wa mzazi mmoja, Standard Bank Group ya Johannesburg.

Ada ya mwanzo ilikuwa asilimia 1.4 ya mkopo. Mambo yakasuasua. Ilipofika Septemba 2012 ada ikapanda hadi asilimia 2.4, na hiyo asilimia 1 iliyoongezeka haikuwa ya benki. Ilikuwa ya kampuni ya hapa nyumbani, EGMA, iliyoingizwa kama mshirika wa Stanbic kwenye shughuli hiyo. Baada ya hapo mambo yakaanza kutembea.

Sasa tuiangalie hiyo kampuni. Mwenyekiti wake alikuwa Harry Kitilya. Na Harry Kitilya wakati huohuo alikuwa Kamishna Mkuu wa TRA. Yaani serikali inakopa, na mtu anayeikusanyia kodi serikali hiyohiyo ndiye mwenyekiti wa kampuni inayolipwa kutokana na mkopo. Hilo halikuwa siri ya kuchimbua usiku. Jina lilikuwa kwenye karatasi za kampuni, na Dar nzima ilikuwa inajua bosi wa TRA ni nani.

Asilimia 1 ya milioni 600 ni dola milioni 6. Kwa shilingi ya wakati ule ni zaidi ya bilioni 9. Kazi iliyofanywa na EGMA kwa malipo hayo? Wapelelezi wa Uingereza walitafuta ushahidi wa huduma yoyote ya maana, hawakuuona.

Fedha za mkopo ziliingia Machi 2013, na mgawo wa EGMA ukaenda kwenye akaunti yake iliyofunguliwa Stanbic hapohapo. Kati ya tarehe 18 na 27 Machi, kiasi cha dola milioni 5.2 kikawa kimetolewa. Taslimu. Ndani ya siku kumi.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo kisa kilipo. Wewe na mimi tukienda kutoa milioni ishirini tunaulizwa za nini, tunaandikishwa, tunaambiwa tungetoa taarifa mapema. Mamilioni ya dola taslimu hayatoki kwenye mashine ya ukutani. Lazima tawi liagize noti, mtu ahesabu, mtu aidhinishe, mtu afungue chumba cha fedha. Walioona ni wengi. Na katika walioona wapo wafanyakazi wa kawaida wa Stanbic waliokataa kunyamaza, wakapeleka malalamiko ngazi za juu mpaka yakavuka mipaka yakafika kwa wakubwa wa kundi la Standard Bank. Bila hao uzi huu usingekuwepo. Haikuwa TAKUKURU ya kuzuia rushwa, haikuwa Benki Kuu, haikuwa Bunge. Walikuwa watu wa tawini, na hakuna anayewakumbuka.

London nao? Taratibu zao zilitaka mtu wa kati achunguzwe: ni nani, nani yuko nyuma yake, ana uhusiano gani na serikali. London wakasema EGMA ni wa Stanbic, Stanbic watamchunguza. Stanbic wakajaza fomu za kufungua akaunti, basi. Kila mmoja akamwachia mwenzake, na dola milioni 6 zikapita katikati.

Aprili 2013 Standard Bank wenyewe wakajisalimisha kwa ofisi ya Uingereza inayoshughulikia makosa makubwa ya udanganyifu, SFO. Wakakodi mawakili, wakachunguza, wakakabidhi nyaraka. Tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Brian Leveson akaridhia makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza kabisa katika historia ya Uingereza. Shtaka lenyewe lilikuwa kwa benki kama kampuni: kushindwa kuzuia watu wake wasitoe rushwa, kifungu cha 7 cha Sheria ya Rushwa ya 2010. Kuhusu wafanyakazi wa London, hakuna aliyeshtakiwa.

Sasa hesabu, maana jina langu linanidai:

Faini dola milioni 16.8. Faida iliyorudishwa dola milioni 8.4. Fidia kwa Tanzania dola milioni 6, pamoja na riba ya kama milioni 1. Jumla milioni 32.2 na chenji. Nje ya hapo kuna gharama za SFO, pauni 330,000, na wakubwa wa soko la mitaji Marekani nao wakachukua dola milioni 4.2 kwa upande wao.

Faini na faida, yaani milioni 25.2, ziliingia hazina ya Uingereza. Waliokopa ni sisi, waliotiwa bei ya juu ni sisi, mtumishi wa umma ni wetu, riba tulilipa sisi. Tukapata milioni 7. Kwa kila dola 100 zilizolipwa kule London, 78 zilibaki kulekule.

Huku nyumbani Benki Kuu iliitoza Stanbic faini ya shilingi bilioni 3. Aprili 2016 watu watatu wakafikishwa mahakama ya Kisutu: Kitilya na wawili waliokuwa maofisa wa Stanbic. Baadaye wakaongezwa maofisa wawili wa Wizara ya Fedha. Utakatishaji fedha hauna dhamana, kwa hiyo watatu wale wakakaa mahabusu zaidi ya miaka minne. Agosti 2020 kesi ikaishia kwenye makubaliano ya kukiri, fidia shilingi bilioni 1.5, watu wakarudi makwao.

London iliibana kampuni ikawaacha watu. Dar iliwafungia watu kabla ya hukumu, halafu ikakubaliana nao. Pande zote mbili kesi ziliishia mezani. Hakuna mahakama iliyosikiliza ushahidi wote mpaka mwisho ikatuambia: dola milioni 5.2 zilitoka mlangoni zikaenda kwa nani? Hilo ndilo swali langu. Mwenye jibu alilete.

#2 Kandambili

Zilienda kununua mboga mkuu. Kwani humkumbuki yule mheshimiwa wa Escrow aliyesema milioni kumi ilikuwa ya mboga? Kwa kipimo hicho dola milioni 5.2 ni mchicha wa mkoa mzima.

#3 Binti Kaunta

Nimefanya kazi benki, sitaitaja na msiniulize. Mtoa mada umenigusa hapo kwenye watu wa tawini.

Watu wa nje hawajui uwajibikaji ndani ya benki unavyoshuka ngazi. Keshia akifunga siku na upungufu, fedha inakatwa kwenye mshahara wake mwezi huohuo, anaandikiwa barua, ikijirudia anatafutiwa mlango. Hakuna tume, hakuna "tulidhani idara nyingine ilichunguza". Ukipanda ngazi kidogo, ofisa mikopo naye anabanwa akipitisha mkopo mbovu wa bodaboda. Ukifika juu kabisa kosa linabadilika jina, linaitwa udhaifu wa mifumo. Mfumo haukatwi mshahara.

Halafu kuna hili la kumjua mteja. Mafunzo yapo kila mwaka, tunafanya mtihani kwenye kompyuta, tunapewa cheti. Ukimshuku mteja unajaza taarifa unaipeleka kwa ofisa wa uzingatiaji, anayesimamia sheria zifuatwe ndani ya benki. Lakini akija mteja mkubwa, aliyeletwa na bosi mwenyewe, kahawa imeshaagizwa ofisini kwa meneja, wewe wa kaunta utasema nini? Nimeshawahi kuuliza swali kwenye muamala wa namna hiyo. Nilijibiwa vizuri sana, kwa tabasamu. Mwezi uliofuata nikahamishiwa kitengo cha kupanga mafaili. Siwezi kuthibitisha kwamba vilihusiana, ndiyo maana hata leo siwezi kulalamika popote.

Kwa hiyo waliopaza sauti Stanbic mwaka ule nawavulia kofia. Wengi wetu tulikuwa tunanyamaza kwa sababu ya ada za shule za watoto.

#4 Kandambili

Dada @Binti Kaunta pole. Ila sheria ya kuwalinda watoa taarifa si ipo?

#5 Binti Kaunta

Ipo, ya 2015. Mkopo ulipita 2013. Na hata sasa, sheria inakulinda ukishajulikana kwamba ni wewe. Kazi ya bosi ni kukuhamisha kabla haijajulikana.

#6 Kijana wa Tudor

Salamu kutoka Mombasa. Msidhani ni nyinyi peke yenu, huku kwetu hadithi ni hiyohiyo, majina tu ndiyo tofauti.

Imperial Bank mwaisikia? Septemba 2015 mkurugenzi mkuu wake, Abdulmalek Janmohamed, alifariki ghafla. Haukupita muda, waliobaki wakafungua vitabu wakaona mambo si mambo. Tarehe 13 Oktoba Benki Kuu ya Kenya ikaifunga. Pengo lililotajwa ni takriban shilingi bilioni 34, za Kenya hizo. Mikopo ilikuwa ikitoka nje ya vitabu miaka nenda miaka rudi. Na hapa ndipo uchungu: benki hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kuuza hatifungani ya bilioni 2 kwa umma. Ilifungwa siku ileile hatifungani ilipotarajiwa kuanza kuuzwa kwenye soko la hisa la Nairobi. Wakaguzi walipita, washauri walipita, mdhibiti alipita, kila mmoja akapiga muhuri.

Wateja wenye amana, watu zaidi ya 50,000, walibaki nje ya mlango. Wadogo walilipwa kwanza, mpaka shilingi milioni 1, baadaye kikaongezwa kidogo. Wenye zaidi walingoja. Desemba 2021 benki ikaingizwa kwenye ufilisi. Hesabuni wenyewe kutoka 2015.

Marehemu ndiye aliyebeba lawama kubwa. Ni sawa, huenda ndiye aliyekuwa mpishi, lakini mpishi hupika kwa kuni za watu. Bilioni 34 hazitoki na mtu mmoja. Kesi dhidi ya wakurugenzi zimezunguka mahakamani mpaka mtu asahau nani anamdai nani.

Miezi michache baadaye, Aprili 2016, Chase Bank nayo ikaanguka. Kabla ya zote mbili, Agosti 2015, Dubai Bank. Benki tatu ndani ya miezi tisa, na waliokuwa wakizikagua walilala kwao usiku.

Kisha kuna faini za NYS. Fedha za Huduma ya Vijana kwa Taifa ziliibwa, kisha zikapitia benki tano kubwa, kama shilingi bilioni 3.5. Septemba 2018 Benki Kuu ikazitoza faini zote tano: KCB milioni 149.5, Equity milioni 89.5, Standard Chartered milioni 77.5, DTB milioni 56, Co-operative milioni 20. Jumla milioni 392.5. Kosa: hawakuripoti miamala mikubwa, hawakuuliza fedha ni za nini, walitoa taslimu bila nyaraka. Mwaka 2020 wakakubaliana tena na Mkurugenzi wa Mashtaka walipe milioni 385 kesi ya jinai isifunguliwe. Yale yale makubaliano ya London, ndugu Mpiga Hesabu, yamefika Nairobi yakavaa kikoi.

Nani hulipa faini hiyo? Si meneja wa tawi aliyefungua mlango. Ni mwenye hisa, na katika wenye hisa kuna mifuko ya pensheni ya walimu na wauguzi. Mwalimu anaibiwa kodi yake, kisha anatozwa faini kwa kuibiwa.

#7 Wakili Pori

Nawasoma. Naomba nitofautiane na mtoa mada kidogo, najua nitapigwa mawe.

Mosi, makubaliano ya kuahirisha mashtaka si msamaha. Kampuni inashtakiwa rasmi, jaji anasoma maelezo ya ukweli, yanachapishwa kila mtu ayaone, na ikivunja masharti ndani ya miaka mitatu mashtaka yanafufuka. Haya yote anayotusimulia Mpiga Hesabu, tarehe, asilimia, siku za kutoa fedha, ameyapata wapi? Kwenye maelezo hayohayo. Bila makubaliano, benki isingejisalimisha, na nyaraka zingelala kabatini Johannesburg mpaka leo.

Pili, punguzo. Jaji alianza na dola milioni 8.4, ambayo ndiyo ada ya benki yenyewe, asilimia 1.4 ya milioni 600. Akaizidisha mara tatu, ikawa 25.2. Akapunguza theluthi moja kwa sababu walijisema mapema, ikabaki 16.8. Mnaweza kuona ni ndogo, lakini kuna kanuni nyuma yake, haikuokotwa.

Tatu, kuhusu nyumbani. Kukiri kwa makubaliano kuliingizwa rasmi kwenye sheria yetu mwaka 2019. Septemba mwaka huo Rais Magufuli akatoa siku saba watuhumiwa wa uhujumu uchumi waombe radhi na kurudisha fedha. Mkurugenzi wa Mashtaka akaja na orodha ya watu 467 waliokubali kurudisha shilingi bilioni 107.8. Mnaweza kuuita uhuni, lakini serikali ilipata fedha ambazo kesi za miaka kumi zisingezileta.

#8 Mpiga Hesabu

Mkuu Wakili, hakuna mawe. Hoja ya kwanza nakupa. Ndiyo, nyaraka zilipatikana kwa sababu walijisema, na nimezitumia.

Ila angalia ni ukweli wa nani. Maelezo yale yaliandikwa kwa kukubaliana kati ya SFO na benki. Benki ndiyo iliyowalipa mawakili waliofanya uchunguzi wa mwanzo. Watu wa Dar waliotajwa mle hawakuwepo mezani kujitetea. Na benki ilikiri kosa gani? Kushindwa kuzuia. Haikukiri kuhonga. Ukisoma mpaka mwisho utamjua aliyelipa na mfuko ulikopitia. Aliyepokea mwisho wa safari humjui. Rushwa yenye mtoaji na isiyo na mpokeaji!

Kuhusu watu 467, hapa ndipo tunapoachana kabisa. Mtu amekaa mahabusu bila dhamana miaka mitatu minne, mtoto amemaliza shule hayupo, mama amezikwa hayupo. Unamletea karatasi: saini, lipa, nenda nyumbani. Mwenye hatia atasaini. Asiye na hatia pia atasaini. Karatasi hiyo haiwezi kukuambia yupi ni yupi, na hilo ndilo lilikuwa swali la kesi. Unasema serikali ilipata fedha. Mimi naona mwizi wa kweli ndiye aliyepata bei nafuu, maana yeye alikuwa na cha kulipia.

#9 Wakili Pori

Hilo la dhamana nakubali. Utakatishaji fedha uligeuzwa kufuli, ukiongezwa kwenye shtaka lolote mtu hatoki. Lakini la "benki ilijichunguza yenyewe" unalipa uzito kupita kiasi, SFO nao walihoji watu na kupitia nyaraka. Tusikubaliane tu.

#10 Mzee wa Posta ya Zamani

Vijana, mnazungumza kana kwamba mtindo huu ulianza 2013.

EPA. Akaunti ya madeni ya nje, ndani ya Benki Kuu yenyewe, ghorofani pale si tawi la kichochoroni. Mwaka wa fedha 2005/06 makampuni 22 yalilipwa shilingi bilioni 133 isivyo halali, mengi kwa nyaraka za kughushi, madai yaliyodaiwa kununuliwa kutoka kwa wadai wa ng'ambo. Kampuni moja, Kagoda, peke yake ilichukua karibu bilioni 40. Gavana Daudi Ballali akaondolewa Januari 2008, na Mei mwaka huohuo akafia Marekani. Akaondoka na majibu yake. Halafu serikali ikasema nini? Wenye fedha warudishe kabla ya mwisho wa Oktoba, watakaorudisha hawatashtakiwa. Mwenzetu wa Mombasa anasema marehemu alibeba lawama, sisi tulikuwa tumeshaipita njia hiyo.

Na rada. Pauni milioni 28, 2001, rada ya bei ya kijeshi kwa nchi isiyo na ndege za kutosha kuiangalia. Waingereza wenyewe walibishana ndani ya baraza lao la mawaziri, Clare Short akapinga wazi. Mwisho wake BAE wakakiri kosa la kutotunza vizuri vitabu vya hesabu. Vitabu! Mahakama ikawatoza pauni 500,000, na Tanzania ikaletewa pauni milioni 29.5, tukaziita chenji ya rada, zikanunua vitabu vya shule na madawati. Wajukuu zangu wamevisoma. Vitabu vizuri, sina ugomvi navyo. Ila nani alihongwa kwenye rada? Hakimu gani alimtaja?

Kwa hiyo Mpiga Hesabu, swali lako ni la zamani. Wageni hukiri kosa dogo kuliko walilofanya, wanatuletea fidia, sisi tunapiga picha ya kupokea, faili linafungwa.

#11 Kandambili

Mzee umemaliza. Mimi na elimu yangu ya darasa la saba naona hivi: dagaa anakaangwa, papa anaombwa achangie mafuta ya kukaangia.

#12 Mbeba Boksi

Niko Uingereza, nafanya kazi za usiku, nimesoma uzi wote kituoni nikisubiri basi.

Msidhani huku wakubwa wanafungwa. Baada ya msukosuko wa 2008 walikuja na kanuni za kuwawajibisha mameneja wakubwa wa benki, zikaanza Machi 2016: kila bosi anaandikiwa eneo lake, likiharibika aulizwe yeye. Kwenye karatasi ni dawa kamili ya ule mchezo wa London na Dar kila mmoja kumwachia mwenzake. Tukasubiri. Bosi mkubwa wa kwanza kunaswa alikuwa Jes Staley, mkuu wa Barclays. Kosa lake? Alijaribu kumsaka mfanyakazi aliyeandika barua ya siri kulalamika. Soma hiyo dada Binti Kaunta. Mei 2018 akatozwa pauni 642,430. Akabaki kwenye kiti mpaka mwishoni mwa 2021, na alipoondoka lilikuwa jambo lingine kabisa.

Na ile riba ya LIBOR, kipimo cha riba ya kukopeshana mabenki ya London, ambayo mabenki yaliichezea? Barclays walilipa pauni milioni 290 mwaka 2012. Aliyepigwa jela kwa kishindo ni mfanyabiashara wa ngazi ya kati wa benki nyingine, Tom Hayes, miaka 14 ikapunguzwa 11. Julai 2025 Mahakama ya Juu ikaifuta hatia yake. Mabosi waliokuwa juu yake hawakuwahi hata kukalia benchi la mahakama.

#13 Mpiga Hesabu

@Mbeba Boksi asante kwa kuitaja LIBOR, maana mkopo wetu wa milioni 600 riba yake ilifungwa kwenye LIBOR hiyohiyo ya miezi sita, ukiongeza asilimia 6 juu. Sisemi iliendelea kuchezewa 2013, wakati huo walikuwa wameshaumbuliwa. Nasema tu tulivyo na bahati.

#14 Mke wa Mwalimu

Mimi si mtu wa benki. Naomba kueleweshwa: deni lenyewe je? Kama ilithibitika kamisheni ilikuwa na harufu, mkopo haukufutwa au kupunguzwa?

#15 Mpiga Hesabu

Dada, swali zuri kuliko yote humu.

Haukufutwa. Kwa wakopeshaji, waliotoa fedha zao hawakuhonga mtu, wanataka chao. Ulikuwa mkopo wa miaka saba. Miaka mitatu ya kwanza tulilipa riba tupu, kisha kuanzia Machi 2016 mtaji kwa awamu tisa, kila miezi sita, ya mwisho Machi 2020.

Chukua hiyo asilimia 6 peke yake, iache LIBOR pembeni. Kwa milioni 600 ni dola milioni 36 kwa mwaka. Ile fidia ya milioni 7 tuliyoletewa inalipia riba ya wiki kumi hivi. Wiki kumi, kwa mkopo wa miaka saba.

Na zile awamu tisa za kulipa mtaji, anza kuhesabu na kesi: ya kwanza ilikuwa Machi 2016, watuhumiwa wakafikishwa Kisutu mwezi uliofuata. Ya tisa ilikuwa Machi 2020, na walikuwa bado mahabusu kesi haijaisha. Hazina ilikuwa na ratiba ya deni na ikaifuata.

#16 Mke wa Mwalimu

Na hizo dola milioni 5.2 zilizotolewa taslimu?

#17 Mpiga Hesabu

Rudi #1, mstari wa mwisho. Bado nasubiri.